Habari za Mpapai, na Faida Yake kwa Nyumba Yenye Watoto

Ukipita katika vijiji vya pwani na mabonde yake, tangu Tanga hata Lindi, na tena bara upande wa Morogoro, si rahisi kukuta mtaa mzima usio na mpapai. Mara nyingi mti huo haukupandwa na mtu. Mbegu ilitupwa pamoja na maganda, au ililetwa na ndege, ikaota karibu na shimo la taka au nyuma ya bafu ambako ardhi ina unyevu. Mwenye nyumba akauacha ukue kwa kuwa haukumdhuru. Kwa sababu hiyo heshima yake ni ndogo. Embe huhesabiwa mtini, nanasi hulindwa, machungwa hupelekwa sokoni kwa magunia. Lakini papai huachiwa kuzumburu, ambao hulitoboa ubavuni na kula ndani hata libaki ganda tupu likining'inia. Mgeni akija huandaliwa chai na mkate, wala papai lililoiva juu ya kichwa chake halikumbukwi.

Hatuandiki habari hizi ili kulisifu tunda kwa utamu wake, maana katika mambo ya utamu kila mtu ana hukumu yake, nasi twawajua watu wema wasioweza kuvumilia harufu ya papai hata kidogo. Twaandika kwa sababu katika nyumba hizo hizo zenye mpapai uani wamo watoto ambao chakula chao, siku baada ya siku, ni ugali na mchuzi mwembamba, au wali mtupu, au uji wa muhogo. Na miili yao yakosa kitu ambacho papai linacho. Kukosa kitu hicho hakufanani na njaa. Mtoto hushiba, hucheza mchana kutwa pamoja na wenzake, na jua likiisha kuchwa hujikwaa katika kizingiti alichokivuka mara mia, au hupapasa asikione chakula alichowekewa mbele yake. Mama husema, "Mtoto huyu mzembe." Si uzembe. Macho yake yamepungukiwa na kile kiyawezeshacho kuona katika mwanga mdogo, na asipotunzwa huenda baadaye asione hata mchana.

Kabla ya kuyaeleza hayo yafaa tumjue mgeni wetu, kwa maana papai ni mgeni katika nchi hizi, ijapokuwa amekaa hata amesahauliwa kuwa ni mgeni. Kwao ni Amerika ya Kati na kusini ya Meksiko, ambako wenyeji walikuwa wakilila kabla Wazungu hawajafika. Wahispania walipoingia katika nchi zile, mwanzoni mwa karne ya 16, walilikuta, na mmoja wao aitwaye Gonzalo Fernández de Oviedo aliandika habari zake. Mbegu za papai ni nyingi sana katika tunda moja, tena zikikaushwa hubebeka katika kifuko kidogo. Basi mabaharia wakazichukua huku na huko. Mwaka 1596 Mholanzi Jan Huyghen van Linschoten, aliyekuwa amekaa Goa miaka kadhaa, alitoa kitabu cha safari zake, na humo alieleza kwamba tunda hili lilitoka katika nchi za Wahispania, likapita Visiwa vya Filipino hata Malaka, na kutoka Malaka likaingia Bara Hindi. Vyombo vilivyokuwa vikienda na kurudi kati ya Bara Hindi na pwani yetu ni vingi, na jina tulitumialo ni lile lile la mabaharia wale.

Tumelitaja jambo hili kwa kuwa wako wazee wasemao kwamba matunda ya kigeni si chakula cha mtu mzima, ni mchezo wa watoto. Wazee hao wasituone watovu wa adabu tukiwakumbusha ya kuwa mahindi, muhogo, nanasi na mapera vyote vilitoka Amerika vilevile. Asiyetaka kula kitu cha mgeni itampasa auache na ugali.

Sasa twarudi kwa yule mtoto ajikwaaye jioni. Ili sababu ya ugonjwa wake ifahamike vema, twamwomba msomaji asafiri nasi mpaka nchi ya mbali isiyo na mpapai hata mmoja, nayo ni Denmark, katika Ulaya ya kaskazini. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, iliyoanza 1914 na kwisha 1918, wakulima wa Denmark walikuwa na ng'ombe wengi na siagi nyingi kuliko watu wa nchi nyingi jirani. Siagi ilipata bei nzuri ng'ambo, basi ikauzwa ng'ambo. Watu maskini wa Denmark wenyewe walipaka mkate wao majarini, na watoto wao walinyweshwa maziwa yaliyokwisha kuondolewa mafuta. Daktari mmoja wa Copenhagen, Carl Bloch, akaona watoto wengi wakiletwa kwake macho yao yamekauka, hayana mng'ao, mengine yamefanya vidonda. Na baadhi ya watoto hao wakapofuka. Daktari huyo akawapa maziwa yenye mafuta yake yote, na mafuta yatokayo katika ini la samaki, na wale ambao macho yao yalikuwa hayajaharibika kabisa wakapona. Mwishoni mwa 1917 ikawekwa amri ya kugawa siagi kwa kila mtu ndani ya nchi, na katika mwaka uliofuata ugonjwa ule ukapungua mno. Hakuna dawa mpya iliyopelekwa Denmark mwaka ule. Kilichobadilika ni kwamba siagi ilibaki nyumbani.

Kitu kilichokuwamo katika siagi, na ambacho majarini ya siku zile haikuwa nacho, kilikuwa kimekwisha tambuliwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1913. Waliona kwamba panya wachanga wakilishwa mafuta fulani walikoma kukua, na wakipewa mafuta ya siagi au ya kiini cha yai walikua tena. Kitu hicho kidogo, kisichoonekana kwa macho wala kutambulika kwa ulimi, ndicho kiitwacho vitamini A. Macho hukihitaji ili yaone gizani. Ngozi hukihitaji, na vilevile utando laini ulio ndani ya pua, koo, mapafu na matumbo, ambao ni kama ukuta wa kuzuia magonjwa yasiingie mwilini.

Lakini si kila mtu ana ng'ombe, wala mayai na maini hayapatikani kila siku. Hapo ndipo matunda na majani yanapoingia. Katika majani mabichi, katika karoti, embe, boga na papai, mna rangi ya manjano iitwayo karotini (katika majani haionekani kwa kuwa imefunikwa na ukijani). Mtu akiila rangi hiyo mwili wake huigeuza, sehemu yake tu wala si yote, ikawa vitamini A. Ng'ombe wa Denmark alifanya vivyo hivyo: alikula majani, akaweka vitamini katika maziwa yake. Mwenye mpapai aweza kuipata bila kungoja ng'ombe.

Huenda mtu akasema, "Mimi nimeyaona macho ya watoto wa kijiji changu, wote wanaona vizuri, habari hizi hazinihusu." Twamjibu kwamba macho ni dalili ya mwisho mwisho. Daktari Mmarekani, Alfred Sommer, alifanya kazi katika Indonesia tangu miaka ya 1970, akachunguza watoto wa vijijini, akaona kwamba wenye upungufu mdogo wa vitamini A, ambao macho yao yalikuwa yameanza tu kushindwa jioni, walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao, wakiuawa na kuhara na magonjwa ya kifua. Habari za kazi iliyofanyika Aceh, katika kisiwa cha Sumatra, zilitolewa mwaka 1986: katika vijiji ambavyo watoto walipewa vitamini hiyo, vifo vyao vilipungua kwa kiasi cha theluthi moja. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki ugonjwa uliohusika sana na jambo hili ni surua. Surua huimaliza upesi vitamini A iliyowekwa akiba mwilini, na zamani, kabla chanjo haijaenea, ilipofusha watoto wengi. Ndiyo sababu mtoto mwenye surua hupewa vitamini A hospitalini. Na ndiyo sababu watoto wa Tanzania tangu miezi 6 hata miaka 5 hupewa matone yake mara mbili kwa mwaka. Mzazi asiache kumpeleka mtoto kwa kudhani kwamba papai litatosha kuwa badala ya matone hayo. Matone ni akiba. Chakula ni matumizi ya kila siku, nayo yote mawili yanatakiwa.

Basi, papai lina nini hasa? Twaeleza kwa hesabu, maana sifa zisizo na hesabu ni nyingi mno katika habari za matunda. Chukua kipande cha papai bivu lisilo na ganda wala mbegu, uzito wake gramu 100, yaani kama kipande kiwezacho kulala katika kiganja cha mtu mzima. Karibu gramu 88 katika hizo ni maji. Sukari ni kama gramu 8. Nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo mtu asidhani kwamba papai laweza kushika mahali pa ugali au wali. Mkulima akilima kwa papai peke yake hatafika saa nne. Lakini vitamini C iliyomo ni kama miligramu 60. Mtoto wa mwaka mmoja hata mitatu ahitaji miligramu 15 tu kwa siku, na mwanamke mzima 75. Maana yake robo ya kipande kile yamtosha mtoto kwa vitamini hiyo kwa siku nzima. Chungwa, ambalo watu wamelizoea kuwa ndilo tunda la afya, halilizidi papai katika jambo hili.

Kwa vitamini A, kipande hicho humpa mtu kadiri ya mikrogramu 47, na mtoto wa umri ule ahitaji 300. Ni chini kidogo ya sehemu moja ya sita. Kwa hiyo asiyetaka kusema uongo atakiri kwamba papai peke yake halitoshi. Kiazi kitamu kilicho na rangi ya chungwa ndani hulishinda mara nyingi, na ini hulishinda zaidi. Mchicha, matembele na kisamvu navyo vina karotini nyingi kwa hesabu. Lakini mwili hauitoi karotini katika majani kwa urahisi kama uitoavyo katika matunda. Jambo hili lilipimwa kwa watoto wa shule wa Indonesia, na habari zake zikatolewa 1998: kundi lililokula matunda ya rangi ya manjano, papai likiwa miongoni mwake, lilifaidiwa zaidi katika vitamini A kuliko kundi lililokula mboga za majani. Hatusemi mboga ziachwe, hasha. Twasema kwamba mtoto anayezitema mboga, na watoto wa namna hiyo twawajua wote, anaweza kusaidiwa kwa njia nyingine ambayo hataikataa.

Tena kuna jambo la msimu. Embe ni tunda bora, nalo lina karotini nzuri, lakini huja kwa wingi miezi michache, watu wakala hata wakachoka, kisha likatoweka. Mpapai ukipata maji huzaa mwaka mzima. Juu yapo mabichi, chini yake makubwa, na chini kabisa moja au mawili yaliyoanza kupata mistari ya manjano. Wala hauhitaji kuni, sufuria, wala mafuta ya taa. Mama aliyerudi shamba amechoka aweza kukata kipande akampa mtoto kabla hajawasha moto.

Kuhusu rangi, watu huuliza kama papai lenye nyama nyekundu ni bora kuliko la manjano. Ule wekundu ni rangi ya namna nyingine, ile ile iliyomo katika nyanya, na haigeuki kuwa vitamini A. Basi asichague kwa wekundu. Achague lililoiva vema, kwa kuwa lililochumwa changa na kuivishwa kwa nguvu huwa bapa katika ulimi, na ndilo lililowafanya watu wengi wa mjini walichukie tunda hili.

Namna ya kulila nayo ina maana kuliko watu wadhanivyo. Wengi hulila papai peke yake, mchana, kama kitu cha kupoza kiu. Si vibaya. Lakini karotini haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta kidogo, na mafuta hupatikana katika chakula chenyewe: katika mboga iliyoungwa kwa nazi au karanga, au katika samaki. Tena vitamini C ya papai ina kazi nyingine ambayo hufanyika tumboni tu ikikutana na chakula: huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage, kunde na majani, ambayo kwa kawaida hupita bila kutumika sana. Upungufu wa chuma ndio mojawapo ya sababu kubwa za kukosa damu kwa akina mama wajawazito na watoto. Kwa hiyo papai lililoliwa pamoja na ugali na maharage, au mara baada yake, lina faida kubwa kuliko papai lile lile lililoliwa saa tano peke yake. Chai, kwa kuwa tumeitaja juu, hufanya kinyume chake: huzuia chuma hicho. Afadhali ingojewe kidogo baada ya chakula, na papai lishike mahali pake.

Watu wa pwani hulikamulia papai ndimu, na hapo twawasifu, maana ndimu hulipa ukali lisio nao na kuipunguza ile harufu isiyopendwa na wengine. Mtoto mchanga asipewe papai wala kitu kingine ila maziwa ya mama mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo lililoiva likipondwa kwa kijiko safi ni katika vyakula vyepesi vya kumwanzishia. Wakubwa wanaopenda kulisaga wakanywa maji yake wasiongeze sukari, wala wasichuje; achujaye hutupa makapi ambayo ndiyo yalainishayo choo, akabakiwa na sukari. Mwenye ugonjwa wa kisukari hakukatazwa papai, lakini ale kipande, si papai zima, na amsikilize mganga wake.

Yako na mambo ya kujihadhari. La kwanza ni usafi. Ndimu na nanasi zina ukali uwezao kuwazuia vijidudu kwa kiasi fulani. Papai halina ukali huo, na likisha kukatwa vijidudu vyastawi ndani yake kama katika chakula kilichopikwa. Kipande kilichokaa juu ya sinia barabarani tangu asubuhi, nzi wakikizunguka, ni hatari, na siku za kipindupindu ni hatari kubwa. Nunua zima, lioshe ganda lake kwa maji safi kabla ya kulikata, na ulile siku ile ile.

La pili lawahusu akina mama wajawazito. Papai lililoiva si baya kwao, bali lafaa. Bichi lenye utomvu mweupe waliache, kwa maana utomvu huo ukijaribiwa katika wanyama umeonekana kulifanya tumbo la uzazi likazane. Shauri hili bibi zetu walikuwa nalo kabla ya wataalamu, ila wengine waliliongeza hata wakakataza papai la kila namna, na hapo walizidisha.

La tatu, majani. Watu huchemsha majani ya mpapai wakanywa kwa homa. Uchungu wake ni mwingi, na kwa kuwa ni machungu watu hudhani ni kwinini. Haijathibitishwa kwamba maji hayo yanaponya malaria, na mtoto mwenye homa aliyekaa nyumbani siku mbili akinyweshwa majani amepoteza siku mbili ambazo hana. Apelekwe zahanati siku ile ile akapimwe damu.

Na kama mtu akila mapapai mengi kila siku hata viganja vyake na nyayo zake zikawa za manjano, asitishike. Akitazama weupe wa macho na kuuona haukubadilika, hiyo ni karotini tu imejikusanya katika ngozi, itaondoka akipunguza. Weupe wa macho ukiwa wa manjano hilo ni jambo lingine, na aende hospitali.

Tulitaja utomvu. Huo nao una historia katika nchi yetu. Mpishi wa mishikaki wa Mombasa au Unguja ajua kwamba nyama ngumu ikipakwa papai bichi lililopondwa hulainika. Akisahau akaiacha muda mrefu mno huikuta imekuwa kama uji. Kinachofanya kazi hiyo kimo katika utomvu, nacho huitwa papeini. Papai bichi likichanjwa kwa upole hutoa maziwa, yakakaushwa yakawa unga, na unga huo ulinunuliwa sana ng'ambo kwa kulainisha nyama na kusafisha bia isifanye ukungu ikipozwa. Tanganyika, pamoja na Ceylon, ilikuwa katika nchi zilizouza unga huo kwa wingi katikati ya karne ya 20. Mapapai yaliyochanjwa namna ile yalipata makovu, wala hayakupendeza macho sokoni, lakini yakiiva yaliweza kuliwa.

Twaikumbuka biashara ile, na twayaona mapapai ya leo yakipangwa kando ya barabara kuu kungoja mabasi, na Denmark yaturudia moyoni. Hatumlaumu auzaye. Papai lililouzwa hununua daftari, chumvi na sabuni, na mtu hawezi kula daftari wala kuandika juu ya papai. Lakini katika kapu la mapapai kumi mama akiacha mawili nyumbani, hasara yake ni ndogo sana, na katika mawili hayo watoto watatu hupata kipande kila mmoja kwa siku kadhaa. Mara nyingi yanayobaki nyumbani ni yale yaliyopasuka au kutobolewa na ndege. Hata hayo, sehemu isiyoguswa ikikatwa vizuri papo hapo, hufaa.

Kwa atakaye kuupanda kwa kusudi, badala ya kungoja ndege, njia ni hii. Chagua papai tamu la mti uzaao sana. Toa mbegu, uzisugue katika majivu au kitambaa mpaka ule ute unaozizunguka uondoke wote, maana ute huo huzuia kuota. Zioshe, zikaushe kivulini. Chimba shimo mahali ambapo maji hayatuami. Mpapai hupenda maji, lakini mizizi yake ikikaa ndani ya maji siku moja au mbili huoza, na kwa jambo hili mipapai mingi ya mabondeni hufa wakati wa masika, watu wakadhani imerogwa. Weka samadi iliyooza. Panda miche mitatu au minne katika kila shimo, kwa sababu katika mipapai iko ya kike, iko ya kiume, na iko yenye maua ya namna zote mbili, wala huwezi kuzitambua mpaka zitoe maua. Ua la kike hukaa karibu na shina, nalo ni nene. Ya kiume huning'inia kwa wingi katika vijiti virefu.

Yapo maneno kwamba mpapai dume ukipigiliwa msumari katika shina hugeuka kuwa jike. Ni kweli kwamba dume mara moja moja hubadili maua yake, hasa likipatwa na dhiki ya jua au kukatwa kichwa, na huenda aliyepigilia msumari siku ile akajipa sifa isiyo yake. Msumari waweza kuozesha shina, maana ndani ni tupu. Afadhali dume likatwe, libakizwe moja kwa majike kama kumi ili yapate mbelewele, na mahali pake pakapandwa mche mwingine.

Tangu mbegu hata tunda la kwanza ni miezi tisa mpaka kumi na miwili. Katika nchi za baridi, milimani, hukawia zaidi na matunda hupungua utamu. Chuma likianza kupata mstari wa manjano, uliweke ndani siku mbili tatu, kuzumburu wasilitangulie. Na mikono ioshwe baada ya kuchuma, kwa maana utomvu huwasha ngozi na ukiingia machoni huumiza sana. Baada ya miaka mitatu au minne mti huwa mrefu, matunda yake huwa madogo, na upepo huuvunja. Mwenye busara huwa amekwisha panda mwingine kando yake mwaka uliotangulia, ili nyumba isikae hata mwezi mmoja bila papai.